“Ni utani tu”: kwa nini mwenzako Myahudi alinyamaza

Swali: Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, Manchester. Tulikuwa tunachangishana hela ya keki ya mwenzetu anayestaafu, bahasha inapita mkono kwa mkono. Ilipomkaribia dada mmoja Myahudi, kijana wa zamu yetu akasema, “Hesabuni kabla haijamfikia, hao wanajua kuingiza tu, kutoa hawajui.” Watu wakacheka. Baadaye yule dada akaniambia imemuuma. Nikamjibu, “Achana naye, ni utani tu. Mimi mweusi naambiwa makubwa kuliko hayo, nimezoea.” Mwingine akadakia kwamba watu wanakufa Gaza na yeye analilia bahasha. Msimamizi akasema kijana huyo hutania kila mtu. Tangu siku hiyo dada yule hanisemeshi zaidi ya mambo ya kazi. Mimi ni mlokole, kanisani tunaiombea Israeli kila wiki, sina chuki na Wayahudi. Nilikosea wapi?

Jibu:

Dada yangu, katika majibu yale hakuna aliyesema uongo. Ni kweli ulikuwa utani. Ni kweli wewe unaambiwa makubwa. Ni kweli watu wanakufa Gaza, na huenda ni kweli kijana hutania kila mtu. Hata hivyo kila jibu lilimsukuma mwenzako hatua moja nje ya mlango. Watu wengi hudhani kupuuza maumivu ya mtu maana yake ni kukana kwamba kitu kimetokea. Kwenye chuki dhidi ya Wayahudi mambo huenda kwa njia nyingine. Tukio linakubaliwa, kisha linapewa jina dogo: utani, siasa, uhuni, kichaa, tabia ya mtu. Huko ndiko kudogosha. Mazungumzo yanaacha kilichosemwa, yanahamia kwenye suala la kama aliyeumia ana haki ya kuumia.

Yeye alikuletea jambo moja: nimetukanwa, na wewe ulikuwepo. Alikuwa anatafuta shahidi, akapata mahakimu watatu.

Tuitazame sentensi yenyewe. “Hesabuni kabla haijamfikia.” Kijana hakueleza kwa nini pahesabiwe, na hakuhitaji kueleza. Waliocheka walijazia wenyewe kipande kilichokosekana: Wayahudi ni wachoyo, wajanja wa hela. Bahasha ile ile ingekuwa inakuja kwako, utani huo usingechekesha. Angelazimika kutafuta mwingine, pengine wa rangi yako au wa lafudhi yako. Kwa hiyo kipimo cha kwanza, na ndicho cha kutegemea kuliko vingine vyote, ni swali fupi: kwa nini yeye? Usiulize kama msemaji ana roho mbaya, maana roho ya mtu huioni. Uliza kwa nini maneno hayo yalimwangukia huyu na si aliyekaa pembeni yake. Kama jibu ni “kwa sababu ni Myahudi”, basi umeshajua unashughulika na nini, hata kama watu walicheka na keki ikaliwa kwa amani.

Utani wenyewe ni mkongwe. Zama za kati, sehemu nyingi za Ulaya Wayahudi walizuiwa kumiliki ardhi na kuingia kwenye vyama vya mafundi, na Kanisa liliwakataza Wakristo kukopesha kwa riba. Baadhi ya Wayahudi wakabakiwa na kazi ya kukopesha, na wafalme wakawakamua kodi kutokana na kazi hiyo hiyo. Walio wengi walikuwa watu wa hali ya chini. York, mji ambao kutoka hapo ulipo unaufikia kwa treni ndani ya saa mbili, Machi 1190 Wayahudi wapatao 150 walifia ndani ya ngome walikokimbilia kujificha. Wavamizi walipomaliza walikwenda kwenye kanisa kuu la mji wakazichoma hati za madeni zilizowekwa humo. Miaka 100 baadaye, mwaka 1290, Mfalme Edward I akawafukuza Wayahudi wote Uingereza. Pengine mwenzako hakuyawaza hayo bahasha ilipomkaribia. Lakini Myahudi anayeishi Uingereza ni nadra sana utani wa hela umfikie kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima.

Swali la “kwa nini yeye” lina faida nyingine, na hapa hata polisi hukwama. Mara nyingi sababu inayotolewa ili kuondoa chuki kwenye tukio ndiyo chuki yenyewe. Januari 2006, Ilan Halimi, kijana wa miaka 23 aliyekuwa akiuza simu dukani Paris, alivutwa kwa msichana aliyetumwa, akatekwa. Watekaji walidai euro 450,000. Familia yake haikuwa na hela hiyo wala ya kukaribia hapo. Kwa watekaji hilo halikuwa tatizo: kama familia haina, Wayahudi wenzake wachange, na wakampigia simu hadi rabi. Kijana aliteswa siku 24. Februari 13 alikutwa karibu na reli, Sainte-Geneviève-des-Bois, akafa akipelekwa hospitali. Muda wote huo polisi walilishughulikia kama utekaji wa kawaida: wahuni wanataka hela. Na kweli walitaka hela. Lakini kwa nini yeye, muuza simu wa mshahara wa kawaida? Kwa sababu waliamini kila Myahudi ana hela, na kwamba Wayahudi wote ni mfuko mmoja. Neno “hela”, lililotumika kusema kwamba hapa hakuna chuki, ndilo lililomchagua huyo wa kutekwa. Sisemi kijana wa zamu yenu ni mtekaji. Nasema imani iliyowachekesha chumbani kwenu ni hiyo hiyo, neno kwa neno.

Kosa hilo lilirudiwa miaka 16 baadaye. Januari 15, 2022, mwanamume kutoka Blackburn, si mbali na Manchester, aliingia na bastola kwenye sinagogi la Colleyville, Texas, wakati wa ibada ya Jumamosi, akamshika mateka rabi na waumini 3. Alikuwa akidai mfungwa mmoja aliyekuwa gereza la jirani aachiwe. Mateka mmoja aliachiwa mapema. Wengine walitoka mbio baada ya saa zipatazo 11, pale rabi alipomrushia kiti mshambuliaji. Usiku ule ofisa wa FBI aliwaambia waandishi kwamba dai la mtu huyo halikuhusu jamii ya Wayahudi hasa. Ukilisikiliza haraka, lina mantiki: alitaka mfungwa, hakutaja dini ya mtu. Lakini kwa nini sinagogi? Kwa sababu aliamini Wayahudi ndio wenye Marekani. Alimtaka rabi ampigie simu rabi mwingine wa New York, akidhani simu hiyo itafungua gereza. FBI ilijirekebisha baadaye. Ila kauli ya kwanza ndiyo iliyokwenda hewani wakati familia zile zilikuwa bado hazijalala.

Kuna udogoshaji wa tatu, wa kichaa, nao unataka uangalifu kwa sababu pande zote mbili huuchanganya. Aprili 2017, Sarah Halimi, mwanamke wa miaka 65, alipigwa na kutupwa kutoka kwenye roshani ya nyumba yake Paris na jirani aliyekuwa amevuta bangi nyingi. Hakuwa ndugu wa Ilan, jina tu limefanana. Ilichukua miezi hadi chuki dhidi ya Wayahudi iingizwe kwenye mashitaka. Aprili 2021 mahakama ya juu kabisa ya rufaa Ufaransa ilithibitisha kwamba muuaji hawezi kushitakiwa kwa sababu akili yake ilikuwa imevurugika, na wakati huo huo haikufuta kwamba alimuua kwa kuwa ni Myahudi. Akili na shabaha ni vitu viwili. Mtu anaweza kuwa amechanganyikiwa na bado kichaa chake kikajua mlango wa kugonga. Hasira iliyofuata ilisababisha sheria ya Ufaransa kukazwa mwaka 2022 kwa wanaojilevya kwa hiari yao.

Sasa Gaza. Mwenzenu ana haki kamili ya kulia kwa ajili ya Gaza. Kuikosoa serikali ya Israeli, kupinga vita vyake, kuandamana, kudai taifa la Wapalestina, hiyo si chuki dhidi ya Wayahudi, na Wayahudi wengi wanafanya hivyo kwa sauti kubwa. Wataalamu wanabishana kuhusu mpaka uko wapi hasa. Yapo maelezo mawili ya chuki hii yanayotumika sana, yale ya mwaka 2016 ya IHRA, muungano wa nchi unaotunza kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi, na Tamko la Jerusalem la wasomi la mwaka 2021, na yanagongana kwenye mambo kadhaa, hususan namna ya kuizungumzia Israeli yenyewe. Lakini kwenye jambo lililotokea chumbani kwenu hayagongani hata kidogo. Yote mawili yanasema kumbebesha Myahudi yeyote lawama ya matendo ya Israeli kwa sababu tu ni Myahudi ni chuki.

Nani aliitaja Gaza siku ile? Si yeye. Yeye alizungumzia bahasha. Hakuna aliyemuuliza anauonaje mzozo ule. Alidhaniwa tu kuwa upande fulani, akatakiwa alipe kwanza deni la serikali ya nchi nyingine ndipo maumivu yake yapokelewe. Geuza upande uone. Mwanamke wa Kisomali avutwe hijabu kwenye basi Manchester, aje akueleze, kisha mtu amwambie, “Watu 148 waliuawa Garissa na wewe unalilia kitambaa.” Ungesimama palepale. Ungejua hajahusika na Garissa, na ungejua kwamba aliyemjibu amemhukumu kwa dini yake. Ndivyo ilivyokuwa kwa mwenzako.

Mahakama nazo huteleza hapo. Julai 2014 vijana watatu walirusha chupa za petroli kwenye sinagogi la Wuppertal, Ujerumani, mji ambao masinagogi yake yalichomwa na Wanazi Novemba 1938. Mahakama iliwapa kifungo cha nje ikasema haioni ushahidi wa chuki dhidi ya Wayahudi, kwani walitaka kuvuta macho ya watu kuelekea vita vya Gaza. Rufaa haikubadili hilo. Ukiweka swali letu mezani, hoja hiyo haisimami: hapakuwa ubalozi, hapakuwa ofisi ya Israeli, palikuwa mahali Wajerumani wa dini fulani wanaposali.

Uingereza, taasisi ya Kiyahudi inayorekodi matukio haya, CST, iliandika matukio zaidi ya 4,000 mwaka 2023. Mwaka uliotangulia yalikuwa chini ya 1,700. Wengi walieleza ongezeko hilo kama hasira ya mabomu ya Israeli. Kumbukumbu za CST zinaonyesha lilianza Oktoba 7 yenyewe, siku Waisraeli walipokuwa wakiuawa na Hamas, kabla jeshi la Israeli halijaanza mashambulizi yake makubwa. Halafu Oktoba 2, 2025, siku ya Yom Kippur, takatifu kuliko zote kwa Wayahudi, mtu alilishambulia sinagogi la Heaton Park, mjini kwenu hapo hapo, na waumini 2 wakafa. Mwenzako anaposikia “bahasha tu”, anaisikia akiwa anaishi Manchester.

Twende kwenye sentensi yako. “Mimi mweusi naambiwa makubwa kuliko hayo.” Najua ulitaka kumfariji, kumwambia tuko wote. Ila mtu aliyeumia akikueleza, ukaleta kidonda chako na rula pembeni, unageuza faraja kuwa mashindano ya machungu, na kwenye mashindano hayo tayari umeshajipa ushindi. Tena “nimezoea” inamwambia naye azoee.

Lipo kosa jingine ndani yake, na hili linawapata watu wengi wenye nia njema waliojifunza ubaguzi kupitia rangi. Ubaguzi unaokupata wewe kwa kawaida unakutazama kutoka juu: huna akili, huna ustaarabu, umekuja kutegemea wengine. Chuki dhidi ya Wayahudi mara nyingi hutazama kutoka chini kwenda juu: wana hela zote, wanamiliki vyombo vya habari, wanaendesha serikali kwa siri. Anayeichukua hudhani anapigania wanyonge, kwa hiyo haioni kuwa ubaguzi. Na mtego wake ni kwamba malalamiko yenyewe yanageuka ushahidi: “Mnaona? Hata utani hauruhusiwi, ndivyo walivyo na nguvu.” Akinyamaza, maneno yamepita. Akisema, ameyathibitisha.

Kwetu Afrika Mashariki chuki ya namna hii tunaifahamu. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, akiwatuhumu kuukamua uchumi wa nchi. Wenye maduka walifukuzwa pamoja na makarani na walimu wasio na duka. Mwezi uliofuata alimpelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kurt Waldheim, telegramu ya kumsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi. Duniani walikuwepo waliomchukulia Amin kama kichekesho. Karibu na Mbale, Abayudaya, jamii ya Waganda wanaofuata dini ya Kiyahudi tangu siku za kiongozi wa Kiganda Semei Kakungulu, aliyeianzisha, walipigwa marufuku kusali hadi utawala wake ulipoanguka mwaka 1979. Watu hao ni weusi kama wewe, kwa hiyo ile hoja ya “Wayahudi ni wazungu, ubaguzi gani tena” inakwama hapo, kama inavyokwama kwa Wayahudi wa Ethiopia na wa Yemen.

Ulokole wako sasa. Kuombea Israeli hakuzuii kitu. Unaweza kuipenda Israeli ya kwenye Biblia na bado usimsikie Myahudi anayepanga dawa pembeni yako. Angalia pia sifa. “Wayahudi wana akili ya hela, tuige siri zao” ni kauli inayotolewa kwa moyo mweupe kwenye mahubiri na semina za biashara, lakini ni imani ile ile ya watekaji wa Paris, imevishwa nguo ya Jumapili. Mtu huyo huyo akifilisika na jirani yake Myahudi akafanikiwa, sifa inageuka tuhuma bila kubadilishwa neno hata moja.

Mjanja mwingine atakuambia kwamba jina la Kiingereza la chuki hii, “antisemitism”, linataja Wasemiti, na Waarabu nao ni Wasemiti, kwa hiyo hakuna chuki ya namna hiyo. Ni mchezo wa maneno. Neno la Kijerumani lililozaa istilahi inayotumika Ulaya lilienezwa mwaka 1879 na Wilhelm Marr, aliyeanzisha chama cha kuwapinga Wayahudi na kulitaka neno lenye harufu ya sayansi. Alimaanisha Wayahudi, basi. Kiswahili kinatuepusha na ubishi huo: tunasema chuki dhidi ya Wayahudi, na kila mtu anajua ni nani.

Wapo watakaokuonya kwamba Wayahudi hutumia malalamiko haya kuwaziba watu midomo. Madai yasiyo ya haki yapo, mengine hutupwa kwa mtu aliyeikosoa tu serikali ya Israeli, na ni sawa kuyapinga, moja moja, kwa hoja. Kuanza na dhana kwamba anayelalamika anadanganya ni jambo jingine. Oktoba 2020 Tume ya Usawa na Haki za Binadamu ya Uingereza ilipotoa ripoti yake kuhusu chama cha Labour, ilihesabu kitendo cha kuyaita malalamiko ya Wayahudi kuwa ya uongo au ya kuchafuana miongoni mwa matendo ya unyanyasaji yaliyovunja sheria.

Kanuni ya kuanzia imetoka kwenye msiba wa familia ya watu weusi. Stephen Lawrence, kijana wa miaka 18, aliuawa kwenye kituo cha basi London mwaka 1993, na polisi wakauvuruga uchunguzi kwa kutotaka kuona ubaguzi. Ripoti ya jaji Macpherson ya mwaka 1999 ikaweka utaratibu: tukio lolote ambalo mwathirika au mtu mwingine yeyote analiona ni la kibaguzi liandikwe na kuchunguzwa hivyo. Watu huipotosha kanuni hii wakisema inampa mwathirika neno la mwisho. Haifanyi hivyo. Inampa neno la kwanza. Hukumu inakuja baada ya uchunguzi, na huenda ikawa kinyume.

Sasa ya kufanya. Zungumza naye mkiwa wawili, si kwenye kundi la WhatsApp wala wakati wa kukabidhiana zamu watu wakipita. Isizidi dakika moja. Usianze na “samahani kama nilikukwaza”. Hiyo “kama” inarudisha jambo lile lile mezani, kuwa labda hakuna kilichotokea. Sema, kwa Kiingereza chako cha kila siku, maana hii: “Siku ya bahasha nilikuwepo na nilisikia. Alichosema kilikuwa tusi kwa Wayahudi, na mimi nikakuambia ni utani. Nilikosea.” Ishia hapo. Usimweleze habari za kanisa, usimweleze ulivyokosa usingizi. Akishaanza kukubembeleza wewe, mmeshabadilishana viti. Kisha muulize swali moja: angependa umwambie msimamizi kwamba ulisikia, au la? Jibu liwe lake.

Kwa kijana, kumwita mbaguzi kutampa nafasi ya kujitetea yeye, na mtazungumzia tabia yake badala ya maneno yake. Mwulize kwa utulivu, “Ule utani wa bahasha sikuuelewa, ulikuwa na maana gani?” Utani wa namna hiyo hauvumilii kuelezwa. Atalazimika kutamka kipande alichowaachia wasikilizaji wajazie, na hapo atakisikia mwenyewe. Swali hili lina nguvu zaidi palepale watu wakicheka, lakini hata kesho yake, mkiwa wawili, linafanya kazi.

Usiku wa leo andika. Tarehe, saa, chumba, nani walikuwepo, maneno yenyewe kwa lugha yaliyotamkwa bila kuyasafisha, nani alicheka, nani alijibu nini. Andika na jibu lako. Kumbukumbu iliyomwondolea mwandishi kosa lake huanguka mara ya kwanza mtu mwingine anapoulizwa. Kosa la kawaida ni kuandika “alimtolea maneno ya kibaguzi”. Miezi miwili baadaye hakuna atakayejua yalikuwa maneno gani, na ofisa utumishi hawezi kupima kitu asichokiona. Jitumie kwa barua pepe ili tarehe ibaki. Kama jambo limeendelea kwenye simu, piga picha ya skrini inayoonyesha jina, tarehe na saa kabla hujaliripoti, maana likiripotiwa linaweza kufutwa.

Msimamizi aliyesema “hutania kila mtu” anahitaji kukumbushwa sheria. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, kifungu cha 26, inasema unyanyasaji ni mwenendo usiotakiwa, unaohusiana na sifa inayolindwa, wenye kusudi au matokeo ya kumvunjia mtu heshima. Shika hilo neno “au”. “Hakukusudia” hujibu nusu tu ya kifungu. Mahakama itatazama pia mwathirika alivyoliona jambo, mazingira yake, na kama ni busara kuliona hivyo. Wayahudi wanalindwa mara mbili, kwa dini na kwa asili. Na kutania kila mtu kwa asili yake hakupunguzi kosa, kunaongeza idadi ya waliokosewa.

CST hupokea taarifa hata za mambo yasiyofikia jinai, na shahidi anaweza kuripoti. Usitaje jina la mwenzako bila ruhusa yake. Polisi ni 101, au 999 kukiwa na hatari. Wanaoripoti ni wachache. Shirika la Haki za Msingi la Umoja wa Ulaya liliwahoji Wayahudi zaidi ya 16,000 katika nchi 12, Uingereza ikiwemo, na kuchapisha matokeo mwaka 2018: katika walionyanyaswa ndani ya miaka mitano, asilimia 79 hawakuripoti popote tukio lao baya zaidi. Asilimia 48 ya hao walisema hakuna ambacho kingebadilika, na asilimia 43 walisema halikuwa zito vya kutosha. Yaani walikuwa wameshajidogoshea wenyewe kabla hajatokea wa kuwafanyia hivyo.

Kwa hiyo usishangae akikuambia, “Acha tu.” Ukiambiwa acha, acha kweli, usimsukume. Ila karatasi ihifadhi, na mwambie unayo. Utaratibu uliozoeleka wa mahakama ya kazi Uingereza ni kwamba mlalamikaji aanze usuluhishi kupitia ACAS, taasisi ya umma ya kusuluhisha migogoro ya kazi, ndani ya miezi 3 kasoro siku 1. Mabadiliko ya kuurefusha muda huo yapo njiani, hivyo athibitishe kwa kuwapigia ACAS wenyewe, ushauri wao ni bure. Muda huo unahesabiwa tangu siku ya bahasha, si tangu siku atakayobadili mawazo.